Upatu wa Makambako una haki kuliko bahati nasibu ya NBA

WANAWAKE wanaouza viazi na vitunguu katika soko la Makambako, kama walivyo wenzao wa Njombe mjini, wanaijua vizuri kazi ya kikaratasi kilichokunjwa. Upatu unapoanza, kijumbe huandika namba, hukunja vikaratasi, huvitia ndani ya kikapu na kila mwanachama huokota cha kwake. Aliyepata namba moja hupokea fedha za wote mwezi wa kwanza. Aliyepata namba kumi huchangia wenzake kwa miezi tisa kabla ya kufikiwa.

Namba hizo hazina thamani sawa, na kila anayeokota analijua hilo. Kikundi cha watu kumi wanaochanga sh. 50,000 kila mmoja kwa mwezi humpa mwenye zamu sh. 500,000. Fedha hizo zikimfikia mkulima mwezi Novemba, wakati mvua zinaanza na mahindi yanapandwa, zinakuwa mbegu na mbolea kwa wakati wake. Zikimfikia Julai, wakati mahindi yamejaa kila nyumba na bei imeanguka, anaweza kuzila tu zikaisha. Mfanyabiashara wa nafaka ataona kinyume chake, maana kwake Julai ndiyo saa ya kununua na kuweka ghalani.

Pamoja na tofauti hiyo, ni nadra kumsikia mwanachama akidai kwamba kikaratasi kimemdhulumu. Wote wanachanga sawa, na kila mmoja atapata mara moja kabla ya yeyote kupata mara ya pili. Kura ya upatu haiamui nani apate na nani akose. Inaamua nani atangulie.

Kipimo hicho kinafaa kupimia jambo linalobishaniwa kila mwaka huko Marekani, na ambalo liliwahi kuamua maisha ya kazi ya kijana wa Kitanzania. Nalo ni bahati nasibu inayotumiwa na ligi ya mpira wa kikapu ya NBA kupanga ni timu ipi itangulie kuchagua wachezaji wapya. Wenyewe huuita uchaguzi huo drafti. Si ile drafti ya vizibo vya soda inayochezwa vijiweni, ingawa nayo ina kula na kuliwa.

Utaratibu wake ni huu. Kila mwaka, kwa kawaida mwezi Juni, timu 30 za ligi hiyo hupeana zamu ya kuchagua vijana wanaotaka kuingia NBA. Timu ikishamchagua kijana, timu nyingine hairuhusiwi kufanya naye mkataba isipokuwa imnunue kutoka kwa ile iliyomchagua. Zamu za mwanzo zimewekwa kwa ajili ya timu zilizofanya vibaya, ili nazo zipate mchezaji mzuri zisimame. Lakini haziendi moja kwa moja kwa timu ya mwisho. Timu 14 zilizokosa kuingia katika hatua ya mtoano hutiwa kwenye bahati nasibu.

Mashine huwekwa mipira midogo 14 yenye namba, ikatolewa minne. Kwa hesabu, mipira hiyo inaweza kutoka kwa michanganyiko 1,001. Mmoja huachwa, na 1,000 iliyobaki hugawiwa timu kwa kadiri zilivyofanya vibaya. Aliyezoea upatu na achukulie kwamba ni debe lenye vikaratasi 1,000. Kuanzia mwaka 1994 hadi 2018, timu iliyoshika mkia ilikuwa na vikaratasi 250 ndani ya debe hilo. Kwa maneno mengine, mara tatu katika kila nne ilitarajiwa kuikosa namba moja.

Mwezi Mei mwaka 2009 timu iliyoshika mkia ilikuwa Sacramento Kings, iliyoshinda michezo 17 kati ya 82. Mipira ilipotoka, Kings iliangukia namba nne. Namba moja ilikwenda kwa Los Angeles Clippers iliyokuwa imeshinda michezo 19. Namba mbili ilikwenda kwa Memphis Grizzlies, ambayo kwa ushindi wake wa michezo 24 ilikuwa ya sita kutoka chini. Mwezi uliofuata Memphis ikaitumia namba hiyo kumchagua Hasheem Thabeet, kijana mwenye urefu wa mita 2.21 aliyezaliwa Dar es Salaam na kucheza katika Chuo Kikuu cha Connecticut. Akawa Mtanzania wa kwanza kuingia NBA, na nchi nzima ikafurahi.

Je, bahati nasibu hiyo ilikuwa ya haki? Kwa Kings ni vigumu kusema ndiyo. Walikuwa dhaifu kuliko wote, na utaratibu uliotangazwa kuwa wa kumsaidia dhaifu ukawapita. Hata hivyo, kabla ya kuilaumu ligi ni vema kuangalia kwa nini ilianza kuchezesha mipira, maana sababu yake ni nzito na mkulima yeyote ataielewa.

Hadi mwaka 1984 timu mbili dhaifu, moja kutoka kila upande wa ligi, zilirushiana sarafu kugombea namba moja. Houston Rockets ilishinda sarafu hiyo mwaka 1983 ikamchukua Ralph Sampson, ikashinda tena 1984 ikamchukua Hakeem Olajuwon wa Nigeria. Kukawa na lawama kwamba timu zilikuwa zinajiangusha kwa makusudi mwishoni mwa msimu, kwa kuwa kushika mkia kulikuwa na faida kuliko kushika nafasi ya katikati. Ndipo mwaka 1985 ligi ikaleta bahati nasibu. Bahasha saba, kila timu na bahasha yake, zote na nafasi sawa. New York Knicks ikapata namba moja na kumchukua Patrick Ewing. Mpaka leo wapo wanaosema bahasha ile ilikuwa na alama. Ushahidi haujawahi kutolewa, lakini maneno hayajaisha, na hilo ni somo kwa halmashauri yoyote inayogawa vizimba vya soko kwa kura: kura iliyochezeshwa ofisini, hata ikiwa safi, itanuka miaka 40. NBA yenyewe baadaye iliweka wawakilishi wa timu na wakaguzi wa hesabu ndani ya chumba cha mipira.

Shida ya kumlipa anayeanguka si ya Wamarekani peke yao. Wakulima wa Njombe waliiona kwa sura nyingine kuanzia msimu wa 2008/09, serikali ilipoanza mpango wa vocha za pembejeo katika mikoa inayozalisha chakula kwa wingi, Iringa ukiwamo, ambao wakati huo Njombe ilikuwa ndani yake. Vocha ilibeba nusu ya bei ya mbegu na mbolea, nusu nyingine akalipa mkulima. Walengwa walikuwa kaya zinazolima mahindi au mpunga usiozidi hekta moja, na kamati ya vocha ya kijiji ndiyo iliyopendekeza majina. Ilipo faida ya kuonekana mdogo, shamba hupungua kwa maneno. Na kwa upande mwingine, mnyonge kweli aliyekosa ile nusu yake ya fedha aliishia kuiuza vocha kwa mwenye nazo.

Hata hivyo mpango wa vocha ulikuwa na kifungu kimoja ambacho NBA ingefanya vizuri kukiazima. Kaya ilitakiwa kufaidika kwa misimu isiyozidi mitatu, kisha ijitegemee na nafasi iende kwa mwingine. Msaada wenye mwisho haumshawishi mtu kubaki chini. Huko Marekani hakukuwa na mwisho kama huo, na Philadelphia 76ers walionyesha wazi matokeo yake. Kuanzia mwaka 2013 uongozi wa timu hiyo uliuza wachezaji wazuri na kukusanya zamu za kuchagua, mwaka baada ya mwaka, hadi msimu wa 2015/16 ikashinda michezo 10 tu kati ya 82. Mwaka 2016 ikapata namba moja. Mashabiki waliokata tiketi misimu yote hiyo walikuwa wananunua bidhaa ambayo mwenye duka mwenyewe alikusudia iwe mbovu.

Ligi ikajibu kwa kupunguza uzito wa mkia. Kwa kanuni zilizoanza kutumika mwaka 2019, timu tatu za mwisho zilipewa vikaratasi 140 kila moja badala ya ya mwisho kuwa na 250 peke yake. Ni kweli kwamba faida ya kujiangusha ilipungua. Lakini gharama ya dawa hiyo ilimwangukia dhaifu wa kweli. Detroit Pistons ilishika mkia mwaka 2023 kwa ushindi wa michezo 17, ikaangukia namba tano. Mwaka 2024 ikashika mkia tena kwa ushindi wa michezo 14, na tena ikaangukia namba tano. Mwaka 2025 Dallas Mavericks, iliyoshinda michezo 39 na ambayo miezi michache kabla ilikuwa imemuuza nyota wake Luka Dončić kwa hiari yake yenyewe, ilipata namba moja ikiwa na vikaratasi 18 kati ya 1,000. Utah Jazz, iliyoshika mkia mwaka huo kwa ushindi wa michezo 17, ikapewa namba tano.

Hapo ndipo kasoro ya bahati nasibu hiyo ilipo. Imechanganya mambo mawili yasiyokaa chungu kimoja. Jambo la kwanza ni msaada, na msaada una haki pale unapomfikia mhitaji kwa uhakika. La pili ni kura, na kura ina haki pale wanaoipiga wanapokuwa sawa. NBA huwatia kwenye debe watu wasio sawa, kisha humwambia aliye dhaifu kwamba ana vikaratasi vingi kidogo. Akikosa, huambiwa ni bahati yake. Ni sawa na serikali ya kijiji kumwambia mjane kwamba jina lake limeandikwa mara tatu kwenye kura ya mbolea, ilhali mwenye trekta limeandikwa mara moja. Mjane huyo haombi kuandikwa mara tatu.

Msomaji anayefuata soka anaweza kuuliza kama Njombe ina haki ya kuwacheka Wamarekani. Swali hilo ni la haki. Mwaka 2017 Njombe Mji ilipanda Ligi Kuu ya Tanzania Bara na mji mzima ukawa unakwenda Uwanja wa Sabasaba. Ilikaa msimu mmoja. Mwaka 2018 ikashuka daraja pamoja na Majimaji ya Songea, jirani zake wa barabara moja. Hakuna aliyeipa Njombe Mji zamu ya kwanza ya kuchagua wachezaji kwa sababu ya kushika nafasi za chini. Katika soka la Tanzania mwenye fedha husajili anayemtaka, na matokeo yake yanajulikana: kuanzia mwaka 2001 hadi 2025 ubingwa ulizunguka kati ya Simba na Yanga, isipokuwa mwaka 2014 ulipokwenda Azam. Kwa timu ya mkoani, hata bahati nasibu mbovu ya NBA ingekuwa neema.

Lakini tofauti hiyo haitokani na huruma ya Wamarekani. NBA haina kushuka daraja. Ni ushirika wa matajiri 30 wanaogawana fedha za televisheni, na kila mmoja anahitaji wenzake wawe na nguvu kiasi cha kuuza tiketi. Kumwinua mwenzao aliyeanguka ni kulinda biashara ya wote. Wanafanya kama wanavyofanya wauza mbao wa mji mmoja wanapokubaliana kutoshushiana bei. Swali la haki kati yao ni la wanachama wa kundi moja, na ndiyo maana kipimo cha upatu kinawafaa.

Kwa kipimo hicho, wapo Wamarekani waliowahi kufika palepale walipo wanawake wa Makambako. Mwaka 2013 lilijadiliwa pendekezo la Mike Zarren, ofisa wa timu ya Boston Celtics, la kuifuta bahati nasibu na kuweka gurudumu la miaka 30. Kila timu ingepata namba moja mara moja katika miaka 30, namba mbili mara moja, na kuendelea hadi namba 30, iwe imeshinda au imeshindwa. Zamu zingejulikana miaka mingi kabla. Kujiangusha kusingekuwa na maana yoyote, kwa sababu kushika mkia kusingeongeza kitu. Pendekezo hilo halikupitishwa. Hoja iliyotolewa dhidi yake ni kwamba timu dhaifu ingeweza kusubiri miaka mingi bila kufikiwa, na bingwa akapata namba moja akiwa bado bingwa.

Hoja hiyo ina uzito, lakini upatu umeijibu siku nyingi. Mwanachama mwenye namba tisa akipata msiba, au mtoto wake akitakiwa ada Januari, humwendea mwenye namba mbili wakabadilishana. Kijumbe huandika, kikundi hushuhudia, na mchezo unaendelea. Timu za NBA nazo huuziana na kubadilishana zamu kila mwaka, kwa hiyo mlango huo upo wazi tayari. Mwaka 2011 Cleveland Cavaliers ilipata namba moja kwa zamu iliyokuwa ya Clippers, ikapata tena namba moja mwaka 2013 na 2014. Katika upatu, mtu kuokota namba moja mara tatu katika miaka minne huku wenzake hawajafikiwa hata mara moja kungevunja kikundi.

Kwa hiyo, gurudumu la zamu pamoja na ruhusa ya kubadilishana lina haki zaidi kuliko mipira 14. Na kama wenye timu wanaona lazima dhaifu asaidiwe, basi wampe aliyeshika mkia namba moja bila kuchezesha chochote, wamwekee na ukomo kama wa vocha, kwamba akishaipata asiipate tena kwa miaka kadhaa. Anayejiangusha mwaka wa pili atakuwa amejiangusha bure.

Kuna jambo linalosahauliwa kirahisi katika mabishano hayo. Namba ya kwanza si gunia la fedha kama katika upatu. Ni ruhusa ya kuchagua, na anayechagua anaweza kukosea kama mnunuzi wa shamba la miti anayepima kwa macho. Mwaka 2009 Oklahoma City yenye namba tatu ilimpata James Harden. Timu tano zilimpita Stephen Curry, ambaye Golden State Warriors walimchukua kwa namba saba na kutwaa naye ubingwa mara nne kati ya 2015 na 2022. Kings, walioonewa na mipira, walimpata kwa namba nne Tyreke Evans, aliyetajwa mchezaji bora chipukizi wa msimu wa 2009/10. Clippers wenye namba moja walimchagua Blake Griffin, akaumia goti na kukaa nje msimu wote wa kwanza. Nao Detroit, baada ya kuangushiwa namba tano mara mbili, walishinda michezo 44 msimu wa 2024/25 na kuingia mtoano. Nahodha wa kazi hiyo alikuwa Cade Cunningham, waliyempata kwa namba moja mwaka 2021. Bahati ina mkono wake, lakini mkono wa mkulima upo pia.

Anayebeba mzigo mkubwa zaidi wa bahati nasibu hiyo haokoti kikaratasi kabisa. Ni mchezaji. Katika upatu vinavyogawiwa ni fedha. Katika drafti anayegawiwa ni mtu na kazi yake. Mkulima mdogo wa chai wa Njombe anaijua hali inayokaribiana na hiyo, maana majani mabichi hayasubiri, na kiwanda kilicho karibu ndicho mnunuzi wake atake asitake. Kwake kinachomfunga ni umbali na saa chache za jani kuharibika. Kijana wa kikapu hufungwa na makubaliano ambayo wengi wao waliyakuta yameshasainiwa na waliowatangulia. Hata mshahara wake wa kwanza umepangwa kwa namba aliyochaguliwa, tangu kanuni za mwaka 1995. Ndiyo maana Curry wa namba saba alianza kwa mshahara mdogo kuliko Hasheem wa namba mbili.

Wenye ligi hujibu kwamba vijana wakiachwa huru wote watakimbilia Los Angeles na New York. Huenda. Lakini ligi hiyo tayari ina kikomo cha mshahara kinachomzuia tajiri kununua kila mtu, na kijana anayetafuta dakika za kucheza ana sababu yake nzuri ya kwenda kwa timu yenye pengo, hata kama mji wake ni mdogo.

Kwa Hasheem, pengo ndilo lililokosekana. Memphis ilikuwa tayari na Marc Gasol katika nafasi ya kati, nafasi ileile anayocheza Hasheem. Kama mipira ya Mei 2009 ingetoka kwa mpangilio mwingine, huenda Memphis ingebaki chini, na Mtanzania huyo akachaguliwa na timu yenye haja ya mtu mrefu. Hakuna ajuaye angefika wapi. Linalojulikana ni kwamba Februari 2010 Memphis ilimpeleka Dakota Wizards katika ligi ya chini, Februari 2011 ikampeleka Houston, na Houston ikampeleka Portland mwaka 2012. Mara zote hizo timu ndizo zilizoamua. Mara yake ya kwanza kuwa huru kuchagua mwajiri ndani ya NBA ilikuwa Julai 2012, mkataba ulipokwisha, aliposaini na Oklahoma City Thunder. Ilikuwa imepita miaka mitatu tangu achaguliwe.